Kicheko na sala kitandani kwa mzazi: kwa mtoto anayeuguza

Mgonjwa mwenye maumivu hacheki. Hata akisali, anasali meno yameumana. Kwa hiyo kabla hujafikiria utani wala kisomo, shughulikia maumivu, maana yakibaki hayo hakuna kingine kitakachopata nafasi chumbani.

Naandika kwa ajili ya mtoto, hasa binti, ambaye ameshaambiwa na daktari kwamba mzazi wake hatapona. Mimi nilimuuguza Baba nyumbani kwetu Temeke. Alikuwa mzee wa Kizaramo, mzaliwa wa Kisarawe, fundi cherehani, na saratani ya tezi dume ilikuwa imeshaingia kwenye mifupa ya mgongo na nyonga. Alicheka mpaka wiki yake ya mwisho, na alisali mpaka ulimi ulipokuwa mzito. Mambo hayo hayakuja yenyewe. Yaliandaliwa, kama dawa zinavyoandaliwa, na nitaeleza namna.

Dawa kwanza

Siku mnapoambiwa ugonjwa umesambaa, siku hiyo hiyo ulizeni kitengo cha tiba shufaa, yaani tiba ya kutuliza maumivu na mateso ya mgonjwa. Msingoje hali iwe mbaya. Hospitali za saratani zina kitengo hicho, na za rufaa nyingi pia. Baba alipewa vitu viwili Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam: mionzi ya kutuliza maumivu ya mifupa, ambayo kwa kazi hiyo inaweza kutolewa hata mara moja tu, na morfini ya maji ya kunywa.

Morfini inawatisha watu. Shangazi yetu alisema ni dawa ya kulevya. Jirani akasema ndiyo wanayomalizia wagonjwa. Si kweli. Ikitolewa na daktari kwa kipimo kinacholingana na maumivu, haimuui mgonjwa wala haimgeuzi teja. Ndugu wakiendelea kubisha, mchukue mmoja uende naye kliniki akasikie kwa masikio yake. Shangazi alikwenda, na aliporudi alijipa kazi ya kusimamia saa za dawa. Hakuna aliyethubutu kuchelewa.

Nguvu ya morfini ya maji hudumu kama saa nne. Ratiba yetu ilikuwa saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni na saa 4 usiku, na kile kipimo cha usiku daktari alikiongeza maradufu ili Baba alale mpaka asubuhi. Mpe kwa saa, hata kama wakati huo anasema hajambo. Ukingoja maumivu yarudi, utakuwa unayakimbiza siku nzima. Muulize daktari kipimo cha ziada kwa maumivu yanayochomoza katikati, ukiandike kwenye karatasi na kuibandika ukutani. Dawa hii hufunga choo, kwa hiyo usitoke hospitali bila dawa ya kulainisha choo. Usingizi mwingi wa siku za mwanzo huwa unapungua. Na mwenye saratani iliyofika kwenye mifupa ya mgongo akiamka miguu haina nguvu au imekufa ganzi, hapo hakuna kusubiri kliniki ya wiki ijayo. Ni hospitali siku ile ile.

Siku chache baada ya kuanza dawa Baba aliomba redio yake. Hapo nikajua sasa anaweza kupokea watu.

Nani ana haki ya kumchekesha

Hili ndilo ninalotaka zaidi ulishike. Sisi watoto si watu wa kumchekesha mzazi. Kati yetu na wao kuna heshima, na kwa wakwe ni zaidi. Mume wangu alikuwa akipiga hodi mlangoni kwa Baba na kungoja mpaka aitikiwe. Ukijitia kumchekesha atacheka kwa kukuonea huruma, na huko ni kumchosha. Kazi yako ni kuwajua watani wake, kuwaita, na kuwafungulia mlango. Kwenye dini ni vivyo hivyo. Wewe si sheikh wa baba yako. Mlete anayestahili kusema naye, halafu ushike kopo la maji.

Chukua karatasi uwaandike.

Wa kwanza ni mtani wa kabila. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, wapagazi wa Kinyamwezi walipokuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu vichwani. Baba alikuwa na mtani mmoja wa Tabora, mzee mwenzake, aliyekuwa na genge karibu na cherehani yake. Wageni wengine walikuwa wanaingia kwa kunyata, sauti za chini, nyuso za msiba. Yule mzee aliingia na bakora yake akauliza kwa nguvu:

"We Mzaramo, hujafa tu? Mwenzio nauli ya kuja kukuzika nimeshaila!"

Mama aliganda na sinia mkononi. Baba akafumbua macho.

"Nyie mlishuka pwani na mizigo kichwani. Jeneza langu ndilo litakushinda?"

"Halinishindi. Ila mpagazi hulipwa."

Wakaanza kupatana. Mtani alitaka nazi mia moja, Baba akamshusha hadi ishirini, na zitoke shamba la Kisarawe, zisiwe za kununua sokoni. Nilisimama nje ya pazia nikimsikia Baba akicheka mpaka akakohoa, kicheko ambacho sikukisikia tangu tulipopewa majibu ya kipimo.

Ukitazama, pale palifanyika jambo kubwa. Mpaka siku hiyo Baba hakuwa ametamka neno jeneza mbele ya mtu yeyote wa nyumbani, wala sisi tusingelitamka mbele yake. Jioni ile ile alimwita kaka akamwambia anataka kuzikwa Kisarawe, karibu na mama yake, na akataja mti wa kuufuata. Mtani alikuwa ameshalisema neno, kwa hiyo halikuwa zito tena mdomoni kwa Baba. Ndiyo maana wazee walituachia watani. Wao wanaruhusiwa kusema yale ambayo mtoto akiyasema ni utovu wa adabu.

Wa pili ni mashemeji. Mjomba wangu, kaka yake Mama, ni Simba damu, na Baba alikuwa Yanga tangu ujana. Ile sita bila ambayo Simba waliwafunga mwaka 1977, Baba alikuwa akikumbushwa kila sikukuu, kila harusi, hata kwenye hitima za watu. Basi tarehe 5 Novemba 2023 Yanga wakaifunga Simba 5-1. Baba alisikiliza mechi yote redioni amelala ubavu, mto katikati ya magoti. Mpira ulipoisha akaagiza shemeji yake aitwe, aje "kumwangalia mgonjwa". Mjomba alikuja kesho yake na jezi yake nyekundu, akakaa kwenye kigoda kichwa chini, hata chai akaikataa. Baba akamtazama, akamwambia polepole, "Shemeji, ule mzigo wa sabini na saba nimeubeba miaka yote hii. Leo nautua." Wakacheka wote wawili, na wote wawili wakalia, wakashikana mikono. Sikuingia kuwabembeleza. Machozi kama yale hayahitaji msaada.

Wa tatu ni wajukuu. Binti yangu alikuwa na miaka saba, na Baba alikuwa akimwita "mke wangu" tangu hajajua kutembea. Watu walinishauri nimpeleke kwa bibi yake mwingine ili asione ugonjwa. Nilikataa. Nilimweleza kwa maneno machache: Babu anaumwa sana, madaktari hawana dawa ya kumponya, lakini wana dawa ya maumivu, na akichoka tunamwacha alale. Mtoto akaelewa. Akatoka hapo akaenda jikoni kumwambia Mama, "Mke mwenzangu, leo zamu yangu kumlisha mume wetu." Mama akamkabidhi kibakuli cha uji na kumwonya asimmwagie mume wa watu shuka. Siku zile Baba alikuwa anakataa chakula hata kwa Mama, lakini kutoka mkono ule alikunywa vijiko kadhaa, akasema mke mdogo ana mkono mwepesi. Mama, ambaye alikuwa hajakaa chini tangu alfajiri, alikaa akacheka.

Masharti

Utani una mipaka yake, na mlinda mipaka ni wewe. Mgonjwa ndiye aongoze. Akijibu, endeleeni, akigeukia ukutani, yamekwisha, mtoe mgeni umpe chai barazani. Wakati mzuri ni saa moja hivi baada ya dawa, na nusu saa inatosha. Mwili wake usiguswe na utani kabisa, yaani kukonda, mpira wa mkojo, nepi, harufu. Hata mtani mkubwa nilimwambia hilo mlangoni kabla hajaingia, naye akaliheshimu. Kumwogesha kulikuwa kwa kaka zangu na mpwa wake wa kiume, mlango umefungwa, watu wote nje. Mtu aliyevuliwa nguo akioshwa na wanawe anahitaji ukimya.

Na msimlazimishe kuchangamka. Kuna siku Baba alitaka kimya tu. Tulikaa naye kimya.

Mama alikuwa na wasiwasi: nyumba ya mgonjwa mahututi kusikika vicheko mpaka barabarani, si dhambi? Tulimuuliza imamu wa msikiti wetu alipokuja, naye akamsomea aya ya 43 ya Sura An-Najm, inayosema kwamba Mwenyezi Mungu ndiye anayeleta kicheko na kilio. Vyote viwili vinatoka Kwake. Kisha akatoa kisa kilichomo katika Shamail, kitabu cha Imamu Tirmidhi kuhusu sifa za Mtume, cha bibi kizee aliyemwomba Mtume (s.a.w.) amwombee kuingia Peponi. Mtume akamwambia Peponi haingii kizee. Yule bibi akageuka analia, na Mtume akawaambia wamweleze kwamba hataingia akiwa kizee, kwani Mwenyezi Mungu atawaumba upya wakiwa wasichana. Baba alikuwa amefumba macho, tukadhani amelala. Akasema, "Mama watoto, umesikia? Jitayarishe." Mama alijifunika uso kwa mtandio, na wasiwasi wake ukaisha siku hiyo.

Ibada ya aliyelala

Sasa upande wa imani, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wagonjwa wengi huacha sala kimyakimya na watu wa nyumbani hawajui sababu. Mwenye kuuguza hudhani mgonjwa amekata tamaa. Muulize. Muulize kwa upole, mkiwa wawili tu: "Baba, kuna kitu kinakuzuia kusali?"

Baba wangu alinijibu akitazama dari. Alikuwa na mpira wa mkojo, na mfuko unaning'inia kitandani muda wote una mkojo ndani. Kwa mafunzo yake ya chuo cha Qur'ani, mtu wa namna hiyo hana tohara. Akaona heri asimsogelee Mola wake akiwa najisi. Alikuwa amebeba jambo hilo peke yake, na nadhani lilimuumiza kuliko mgongo.

Nilimwita imamu, na maelezo yake nayaandika hapa kwa sababu nyumba nyingi zinayahitaji. Asiyeweza kuzuia mkojo ana udhuru. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani, anajisafisha anavyoweza, anatia udhu wakati wa sala ukishaingia, na anasali faradhi hiyo. Sala nyingine ikiingia anatia udhu mpya. Kinachotoka bila hiari yake baada ya hapo hakimharibii. Maji yakimdhuru au asipoweza kuyatumia, anatayamamu kwa vumbi safi. Kaka aliweka sinia dogo la udongo uliochekechwa chini ya kitanda. Na namna ya kusali ameieleza Mtume mwenyewe kwa Imran bin Husayn, aliyekuwa mgonjwa: simama, usipoweza kaa, usipoweza lala ubavu. Hadithi hiyo iko katika Bukhari. Rukuu na sijda anaashiria kwa kichwa, sijda ikiwa chini zaidi, na kichwa kikishindwa ni kwa macho.

Adhuhuri ya siku hiyo Baba alisali. Imamu alikaa pembeni mpaka salamu, akampa mkono.

Ukikaribia Ramadhani, mgonjwa asiyetarajiwa kupona hadaiwi saumu. Anatoa fidia, kibaba kimoja cha chakula kwa masikini kwa kila siku. Mfanye ashiriki. Mchele upimwe chumbani kwake, auone, yeye mwenyewe ataje wa kupelekewa. Mtu aliyezoea kutoa anataka kuendelea kutoa.

Majirani zetu wa mlango wa tatu ni Wakatoliki, na walipomuuguza mama yao niliona wamefanya jambo la busara. Walimwita padre mapema kwa Mpako wa Wagonjwa na Komunyo, mama yao akiwa bado anaweza kuitikia sala na kusema anachotaka kusema. Usimfanye padre, mchungaji au sheikh kuwa mtu wa dakika ya mwisho, mpaka mgonjwa akimwona mlangoni ajue yamekwisha.

Usiku ndio mgumu. Dawa ikishamtuliza na nyumba ikalala, mawazo huja. Usiku mmoja Baba aliniuliza, "Mama, Mungu amenikasirikia?" Ananiita mama kwa sababu nina jina la mama yake. Usikimbilie kumnyamazisha kwa "usiseme hivyo, Baba". Msikilize kwanza. Mimi sikuwa na hoja. Nilimsomea alichokuwa akitusomea sisi utotoni. Nabii Ayubu aliugua naye ni nabii. Nabii Yakubu alilia mpaka macho yakapata weupe, na alisema anamshitakia Mwenyezi Mungu sikitiko lake na huzuni yake, hakuficha. Mtume wetu alilia alipofiwa na mwanawe Ibrahim, akasema jicho linatoka machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Jabir naye amesimulia kwamba siku tatu kabla ya kufa kwake Mtume aliwaambia watu asife mmoja wenu ila akiwa anamdhania mema Mwenyezi Mungu. Baba alirudia neno la mwisho, "kumdhania mema", mara kadhaa mpaka usingizi ukamchukua. Kuanzia usiku ule nilikuwa nikimuuliza, "Baba, leo una neno gani la kushukuru?" Siku nyingine alisema upepo wa baharini. Siku nyingine alisema choo kimepatikana, na ilikuwa shukrani ya kweli kabisa.

Watakuja pia watu wa dawa za miujiza. Dua na kombe havina shida, vinywewe pamoja na dawa ya hospitali. Lakini anayemwambia mgonjwa aache morfini, au anayetaka mamilioni ili tezi itoke, huyo mshukuru kwa kufika umsindikize mpaka nje. Fedha ya kaya ni ya uji, nepi, sabuni na nauli ya kliniki.

Daftari la madeni

Kama mzazi bado ana kauli, muulize madeni yake. Watoto wengi huona haya, wanaona ni kama kumwambia afe. Kwa Muislamu ni kinyume chake: haki za watu ni mzigo, na kuusaidia kuutua ni kumhurumia. Baba alipoulizwa alipumua kwa nguvu, akasema alikuwa anangoja tu mtu wa kuandika.

Fundi cherehani ana madeni ya aina yake. Vitambaa vya watu visivyoshonwa vilikuwa kwenye kabati, kila kimoja kimefungwa na kipande cha karatasi chenye vipimo na jina. Tuliandika vyote, vingine kaka alivipeleka kwa fundi mwingine vikashonwe, vingine tukavirudisha na fedha ya watu juu. Kisha tukaja kwa wanaomdai na anaowadai. Upande wa anaowadai, wa juu kabisa alikuwa yule mtani wa Tabora: suruali ya harusi, ilishonwa mimi bado sijaenda shule, haijalipwa mpaka leo.

Mtani akaitwa. Akasema watani hawadaiani. Baba akamwambia vyema, basi atamdai Kiyama, mbele ya watu wote, na suruali itaonyeshwa. Yule mzee akatoa noti ya elfu kumi haraka, akaiweka juu ya mto. Baba akairudisha mikononi mwake akasema, "Nimekusamehe. Nisamehe na wewe." Mtani akasema amesamehe yote, ya utani na yasiyo ya utani. Nimeona watu wengi wakiombana radhi kwa mgonjwa, lakini kwa wepesi ule sijaona.

Wasia nao uandikwe mbele ya mashahidi mgonjwa akiwa na akili timamu. Kumbukeni kwamba kwa sheria ya Kiislamu hausii zaidi ya theluthi ya mali, na mrithi hausiwi mpaka warithi wengine waridhie. Tulimwita shehe anayejua mirathi, ikachukua asubuhi moja.

Wageni

Mweke mtu barazani, mwenye sauti nzuri na moyo mgumu. Kwetu alikuwa shangazi yule yule wa saa za dawa. Anawapokea wageni, anawaambia mgonjwa ana dakika ngapi, na anawazuia wenye simulizi za fulani aliyekuwa na ugonjwa huu huu akateseka hivi na vile. Anayekuja afundishwe dua fupi ya Mtume ya kumzuru mgonjwa, kwamba hapana neno, ni utakaso, Mwenyezi Mungu akipenda. Akishaisema apewe kazi: akate kucha, asome gazeti la michezo, achuje uji, afue. Mwenye kazi haongei ovyo.

Siku za mwisho

Alianza kulala sehemu kubwa ya siku. Chakula alikikataa, kisha maji. Usimlazimishe, mwili unaofunga kazi hauhitaji chakula, na kumlisha kwa nguvu kunaweza kumpalia. Tulimlowesha midomo kwa pamba na kumpaka mafuta kidogo isipasuke. Pumzi itabadilika, itasimama kidogo na kurudi, na huenda kooni pakakoroma. Waambie ndugu mapema ili wasiruke kwa hofu. Mgeuze kidogo ubavu, kichwa kiinuliwe. Dawa ya maumivu haiachwi. Asipoweza kumeza, wapigie simu watu wa tiba shufaa wakueleze namna ya kuendelea.

Dar es Salaam kibla ni kaskazini. Tuligeuza kitanda kichwa kikawa mashariki, ili akilala ubavu wa kulia uso uelekee kibla. Mume wangu, yule mkwe wa kupiga hodi, ana sauti nzuri ya Qur'ani, na Yasini aliisoma yeye, kwa sauti ya chini. Shahada anatajiwa mgonjwa kwa upole, na aliyekaa karibu kabisa na sikio ndiye anayeitaja. Akiitamka asisumbuliwe tena kuirudia, ila kama amesema maneno mengine baada yake, ili ibaki kuwa neno lake la mwisho. Watu wasiishangilie kwa pamoja kama wanaita mtu aliye mbali. Kaka mkubwa ndiye aliyemtajia, na Baba aliitikia.

Zungumzeni naye hata kama hajibu. Binti yangu alikuja akamwambia, "Mume wangu, nimefua leso yako." Sina shaka alisikia.

Baada ya mazishi

Watani watakuja msibani, na Kizaramo kina mambo yake: watazuia njia, watadai malipo, watavaa koti la marehemu na kuigiza alivyokuwa akiwafokea wateja. Kaeni na imamu kabla, mpange kwamba hayo yafanyike nyumbani na njiani, na makaburini pawe na utulivu. Wekeni fedha ndogondogo za kuwapa. Mtani wa Tabora alibeba jeneza akiwa na umri ule, na nazi zake ishirini zilimngoja Kisarawe kwenye gunia.

Morfini iliyobaki irudisheni hospitali. Msiiache kabatini, msimpe jirani.

Kisha mfikirieni aliyebaki. Mama alikaa eda, miezi minne na siku kumi, ndani. Hitima ikipita watu hupungua, na nyumba iliyozoea watani hunyamaza ghafla. Toa ile karatasi ya majina uwapigie tena, safari hii kwa ajili yake: mawifi, mashoga zake, wajukuu. Panga siku za kila mmoja, asije akajikuta peke yake alasiri, wakati aliozoea kupeleka uji. Binti yangu alikwenda na begi lake la shule akasema na yeye ni mjane, amekuja kukaa eda. Mama alimtandikia mkeka, akamwambia wajane hawaendi kucheza rede, na wakaanza kukunja nguo za Baba pamoja, hii ya kutoa sadaka, hii ya mjomba, hii ya mtani.